Mkwezi wa Minazi Mifupi

Kwa muda wote niliomjua, Mkwezi alikwea mara moja tu, na alichokikwea hakikuwa mnazi. Kilikuwa mlingoti wa bendera wa boma la Songea.

Siku hiyo upepo wa milima ya Matogoro ulivuma tangu asubuhi. Kamba ya bendera ikanasa juu, na bendera ikabaki imejikunja katikati ya mlingoti kama tambara la jikoni. Askari wawili walijaribu kupanda. Wote waliteleza, wa pili akachubuka tumbo. Ndipo mtu mmoja akakumbuka kwamba bondeni yuko mtu wa pwani aliyeletwa kwa kazi ya kukwea. Wakamwita. Alikuja na kitanzi chake cha kamba ya makumbi ya nazi, kile kilichokuwa kikining'inia mlangoni pake bila kazi, akaifunga shuka yake mapajani, akajitia kitanzi miguuni na kupanda. Sisi wanawake tuliokuwa tunafagia tuliacha mafagio yetu tukatazama. Hatukujua kwamba mtu anaweza kupanda namna ile, bila kukumbatia, kama anatembea.

Bendera ilifunguka mara moja. Tuliiona ikifunguka. Lakini Mkwezi hakushuka.

"Shuka!" askari akapiga kelele.

"Bado, bwana! Kamba imekaza!"

Haikuwa imekaza. Alikaa juu pale akitazama upande wa mashariki mpaka askari akaokota jiwe. Aliposhuka uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyekula akashiba. Shangazi yangu, ambaye ulimi wake haujawahi kupumzika, akamwuliza, "Umeona nini huko?"

"Nimeiona Lindi."

"Mwongo wewe."

"Basi nimeiona njia ya kwendea."

Hivyo ndivyo ninavyopenda kumkumbuka, na ndiyo sababu nimeanza na hilo, ili nisianze na hasira. Hasira ninayo, na itafika.

Tulimwita Mkwezi kwa sababu yeye mwenyewe alijiita hivyo. Ukimwita fundi wa minazi alinyamaza. Ukimwita mgema, ambaye ni mtu wa kugema tembo, pombe ya mnazi, alikasirika kabisa. "Mgema anapanda kwa ajili ya walevi," alisema. "Mimi nakwea kwa ajili ya jiko." Alikuwa Mwislamu wa kushika sala tano, na hata askari walipomchokoza wakimwomba awatengenezee tembo alijibu kwamba mnazi wa Songea haujui hata kutoa machozi, sembuse tembo.

Hilo lilikuwa kweli. Minazi ya Songea ilikuwa mifupi. Ililetwa kwa amri ya Bwana wa boma, Mjerumani mmoja tuliyemwita Bwana Kamba kwa sababu hakuenda popote bila kamba ya kupimia. Yeye alikuwa ameiona minazi ya pwani na akataka bonde lililo chini ya boma liwe kama pwani. Hakuna aliyetuuliza sisi. Mtoto mdogo angeweza kumwambia kwamba mwezi wa sita huku kwetu umande wa baridi kali unaukausha hata mgomba. Wapagazi walifika kutoka Lindi, kila mmoja amebeba kichwani nazi zilizokwisha kuota, majani yao yakitikisika kama masikio ya mbuzi, na nyuma yao akaja Mkwezi akihesabu kama mchungaji. Aliletwa mapema, kabla ya minazi ya kukwea. Nadhani Bwana Kamba alifikiri mti na mtu wake huja pamoja.

Bonde lile lilikuwa mashamba. Kipande kimoja, kile cha chini kinachogusa kijito, kilikuwa cha mama yangu. Alilima pale mahindi, kunde na maboga tangu alipoolewa. Tulipoambiwa tuondoke baba alitufungulia shamba jipya upande wa Maposeni, mwendo wa asubuhi nzima. Mama hakulia. Alichota udongo wa shamba lake kwa kiganja, akaunusa, akaumwaga, akajitwika jembe.

Lazima niseme namna Mkwezi alivyokuwa na minazi, kwa sababu watu wanaomcheka leo hawakumwona. Alizungumza nayo. Alipita asubuhi akiigusa mmoja mmoja, akiuliza umelalaje. Kuna dudu jeusi lenye pembe, yeye aliliita chonga, ambalo hutoboa moyo wa mnazi mchanga. Mkwezi alikuwa na waya mwembamba wenye ndoano, akiuingiza tunduni polepole, ulimi umetoka pembeni mwa mdomo, mpaka dudu likatoka likiwa limechomwa. Alilitazama na kuliambia, "Umetoka Lindi na mimi? Au wewe ni mwenyeji?" Kisha alilikanyaga.

Na ile habari ya chumvi. Huko kwao, mnazi unapopandwa shimo hutiwa chumvi kidogo na majivu. Boma lilimpa mfuko mzima wa chumvi. Wanawake waliokuwa wakichimba mashimo walisimama kama waliopigwa.

"Mti unatiwa chumvi," shangazi alisema, "na mimi mboga yangu naila kama ng'ombe!"

"Dada, ni dawa," Mkwezi alisema.

"Na mimi naumwa!"

Siku ya pili alikuta mashimo kadhaa yamechotwa udongo wa chini. Wanawake walikuwa wameuchuja kwa maji, kama tunavyochuja majivu ya majani ya mtoni, wakapata chumvi yao. Mkwezi angeweza kusema bomani, na mtu angepigwa viboko. Hakusema. Alitia chumvi tena, kidogo zaidi, na alipofika kwenye shimo la shangazi akasimama akamwambia, "Hili nalitia nyingi, usije ukachimba mawili." Hapo ndipo tulipoanza kumpenda.

Baada ya minazi kushika, Bwana Kamba alitoa amri yake kubwa. Udongo wa kati ya minazi uwe mtupu na ufagiwe kila asubuhi, usibaki hata unyasi, kwa sababu kila kitu kingine ni mwizi wa chakula cha mnazi. Kutoka mnazi hadi mnazi ilikuwa hatua kumi, upande huu na upande ule. Hatua kumi za udongo mweusi, na sisi tukaufagia kama uwanja wa gwaride. Kila kijumbe alitoa wanawake wa kijiji chake wafagie kwa zamu. Zamu ya mama ilipofika alifagia shamba lake mwenyewe.

Siku moja ya zamu hiyo, kabla ya vita vya maji, nilikuwa naye. Mimi nilikuwa nimekwisha kusoma miaka mitatu katika shule ya misheni na nilijua kusoma na kuandika, lakini mbele za watu nilikuwa bubu, na ndivyo nilivyo hata leo. Mama aliegemea fagio akamwuliza Mkwezi, "Huko kwenu, chini ya minazi mnafagia hivi?"

Mkwezi alicheka mpaka akakohoa. "Tufagie nini, dada? Kwetu udongo hauonekani. Pana muhogo, pana kunde, pana choroko, na nanasi pembezoni. Mnazi juu, chakula chini. Ukizipalilia kunde zako umeupalilia na mnazi. Mnazi ni mti wa watu. Unataka moshi wa jiko, unataka watoto wapige kelele. Mnazi uliofagiwa kama kaburi utazaa nini?"

"Basi ni kama sisi," mama akasema. "Mahindi juu, maharage yanayapanda, maboga chini."

"Hivyo hivyo."

"Basi mwambie."

"Nani?"

"Mwenye kamba."

Mkwezi alitazama juu, bomani. Kicheko kilikuwa kimekwisha. "Nitamwambia," akasema.

Hilo ndilo neno lake nililolisikia mara nyingi kuliko mengine yote. Nitamwambia. Alilisema vizuri, kwa sauti ya mtu mwenye nia, na nina hakika alikuwa na nia. Lakini Bwana Kamba akishuka bondeni na kamba yake, Mkwezi aliyejua kila kitu alipotea, akasimama mtu mwingine, mabega yamelegea, na mtu huyo alijua maneno mawili tu, ndiyo na bwana. Mvua zilikuja zikakokota udongo uliofagiwa, mizizi ikaonekana kama vidole. Majani yakawa manjano. Bwana Kamba akauliza kwa nini. Mkwezi akasema, "Baridi, bwana." Baridi ilikuwepo, hakudanganya. Ila alisema nusu iliyokuwa rahisi.

Mama alimwuliza baadaye, "Umemwambia?"

"Leo alikuwa na hasira. Nitamwambia."

Akaja mtu wa maji. Watu walikwenda usiku na mchana kunyweshwa na kupakwa dawa iliyosemwa kwamba itageuza risasi kuwa maji. Baba alikwenda. Shangazi alimwuliza Mkwezi kwa dhihaka kama naye hataki kunywa. Mkwezi akajibu, "Dada, mimi nimekulia baharini. Nimeyaona maji mengi kuliko yule mganga. Sijayaona yakimzuilia mtu risasi." Shangazi alimtemea mate miguuni, akamwita mbwa wa boma. Baba yangu hakurudi, kwa hiyo Mkwezi alikuwa amesema kweli, lakini hakuna mtu aliyempenda kwa ajili ya kweli ile. Na hata mimi namwuliza kimoyomoyo: jambo lile uliweza kulisema mbele ya wanawake wenye hasira, kwa nini la kunde lilikushinda?

Vita vilipozimwa wazee walinyongwa, na askari wakatembea wakichoma. Ghala letu la Maposeni lilichomwa mbele yetu, mahindi yakipasuka ndani kama yanachekelea. Kisha tukaamriwa tujenge karibu na boma ili tuonekane. Hakuruhusiwa mtu kwenda kulima mbali. Karibu na boma ardhi yote ilikuwa mawe na njia, isipokuwa moja. Unaijua. Ile tuliyokuwa tunaifagia.

Mama alikuwa ameokoa kibuyu kimoja cha mbegu za kunde. Alikuwa amekifunga tumboni chini ya nguo, na askari walipomwona walidhani ana mimba. Nyumbani mwetu tulikuwa wanne, yaani mama, shangazi, mimi na mdogo wangu wa kiume ambaye alikuwa ndio kwanza ameota meno yote. Tulikula mizizi, tukala magome. Mbegu zile hatukuzila. Mdogo wangu alikuwa akikitikisa kibuyu ili asikie zinavyolia, na mama alimnyang'anya bila kumpiga.

Kunde si kama mahindi. Mahindi yatakungojesha mpaka ufe. Kunde ukizipanda mvua ikinyesha, baada ya wiki tatu unachuma majani, unapika, mtoto anakula. Mama alipiga hesabu yake kwa majani, si kwa punje zake. Akaenda kwa Mkwezi.

"Kule chini kwenye kijito," alisema. "Mistari michache. Nitafagia pembeni, patakuwa safi."

"Dada, amri siku hizi ni kali zaidi. Amesema kisipandwe kitu chochote, watu watajificha ndani."

"Kunde hutambaa. Haimfichi hata sungura."

"Kweli."

"Basi mwambie hilo. Neno moja tu. Wewe ndiye fundi wake, wewe atakusikia."

Mkwezi alijikuna shingo. "Nitamwambia kesho."

Kesho mvua ya kwanza ilinyesha. Kesho yake pia. Tulimsubiri siku nne, na kila siku alikuwa na sababu: Bwana ana wageni, Bwana anaumwa tumbo, Bwana ameamka vibaya. Siku ya tano mama hakuuliza tena. Tulipokwenda kufagia alikuwa na mbegu mdomoni, shavuni, kama mtu anayetafuna. Alifagia kwa mkono mmoja, akatoboa kwa kidole gumba cha mguu, akatema, akafukia. Mimi nilifanya nyuma yake. Tulimaliza mistari saba siku ile, minne siku ya pili, na kibuyu kikawa kitupu. Mama hakuacha hata mbegu moja ya akiba. Nilimwuliza. Alisema, "Akiba ya nani?"

Zilipochomoza, Mkwezi aliziona. Alichuchumaa. Mimi nilikuwa nimeshika fagio.

"Nani kafanya hivi?" aliuliza.

Mama aliendelea kufagia.

"Mmeziweka karibu mno na shina," akasema polepole. "Acheni hatua mbili. Mnazi mchanga haupendi kubanwa. Mara nyingine msifanye hivi." Akachukua fagio langu akafagia kuzizunguka, kwa uangalifu, asiguse jani. Kuanzia siku hiyo kila asubuhi alizifunika kwa makuti makavu, na Bwana Kamba alipokwisha kupanda juu kwa chakula alizifunua zipate jua. Alizitunza kama zake. Nilimwona akizinywesha maji kwa kifuu. Siku moja alimwambia mama, akitabasamu kama mtoto, "Unaona? Mnazi huu uliokuwa manjano umegeuka. Nilisema mimi."

"Ulisema kwangu," mama akajibu.

Zilikuwa zimefikisha majani manne. Mama alikuwa ameniambia tungoje siku kumi zaidi ndipo tuchume. Mdogo wangu alikuwa ameacha kutembea, anakaa tu mlangoni.

Bwana Kamba alikuja siku ambayo si yake. Alishuka kwa njia ya kijito, na makuti yalikuwa yamekwisha kufunuliwa. Alikuja na askari mmoja. Alisimama mwanzoni mwa mistari akatazama, akanyoosha kidole.

"Hii nini?"

Mama alikuwa upande wake wa kushoto. Mimi nilikuwa nyuma ya mama. Mkwezi alikuwa mbele yetu sote. Alikuwa na nafasi. Ninaposema alikuwa na nafasi, nimeifikiria miaka mingi. Bwana Kamba hakuwa amekasirika bado. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua, na aliyemwuliza alikuwa mtu pekee katika Songea yote ambaye angeweza kumjibu.

"Magugu, bwana," Mkwezi akasema.

Bwana Kamba akainama. Yeye alipenda mistari kuliko kitu chochote. "Magugu yamejipanga mstari?"

"Ya huku ndivyo yalivyo, bwana."

Askari akacheka. Bwana Kamba hakucheka. "Ng'oa," akasema.

Mkwezi aling'oa. Hakutuambia sisi tung'oe, hilo nalikiri. Alipita mstari kwa mstari ameinama, mikono miwili, na alizing'oa vizuri pamoja na mizizi, kwa sababu alikuwa mkulima hodari na hakujua kung'oa vibaya. Mistari kumi na mmoja. Alipomaliza alikuwa amekumbatia rundo dogo la majani. Mama akanyoosha mikono.

"Nipe nikapike," akasema kwa sauti ndogo.

Bwana Kamba alikuwa bado amesimama pale. Mkwezi alimtazama Bwana, akamtazama mama. Kisha akageuka akayatupa kijitoni, kama magugu yanavyotupwa.

Na mimi niliyesoma, niliyekuwa najua jina la kunde hata kwa kuandika, nilisimama na fagio langu. Sikusema neno. Nalitaja hili ili nisionekane kwamba namhukumu mtu mmoja.

Jioni alikuja nyumbani na wali. Alikuwa ameubeba ndani ya kifumbu chake, kile kikapu cha kuchujia tui alichokileta kutoka Lindi na ambacho huku hakikuwahi kuonja nazi. Ilikuwa posho yake ya siku kadhaa. Alisimama nje akabisha hodi. Mama hakutoka.

"Mwambie ale yeye," aliniambia mama kwa sauti ya kusikika, "apate nguvu ya kung'oa."

Mkwezi aliweka kifumbu chini akaondoka. Shangazi alikwenda akakichukua, akasema tumbo la mtoto halina ugomvi na mtu. Tulikula wali ule, mimi, shangazi na mdogo wangu. Mama hakula. Ulitutosha siku mbili. Mdogo wangu tulimzika kabla ya siku zile kumi kwisha, upande wa Matogoro. Sisemi kwamba kunde zingemponya. Mama naye hajawahi kusema. Lakini alihesabu, nilimwona akihesabu kwa vidole, na siku ya kumi ilipofika alikaa nje bila kufanya kazi yoyote mpaka jua likazama.

Watu wananiuliza Mkwezi alikuwa mtu wa namna gani na mimi nashindwa. Alimbeba mzee wa jirani mgongoni kutoka kijitoni. Aliwafundisha watoto kusuka makuti ya minazi ile mibovu wakapata mikeka ya kulalia. Alikuwa mwoga kiasi cha kuchukiza. Alijua kuhusu udongo kuliko mtu yeyote niliyewahi kumwona, na ujuzi ule alitembea nao kama chungu cha maji ambacho hakuna aliyeruhusiwa kunywa. Mama hakumsalimia tena. Wakipishana njiani Mkwezi alisimama pembeni, mama akapita. Miaka imepita hivyo.

Bwana Kamba aliondoka, alirudi kwao Ulaya. Bwana mwingine akaja, akaitazama minazi. Mirefu zaidi ilikuwa imefika kifua cha mtu. Mmoja tu ulikuwa umezaa, nazi moja, ndogo kama ngumi, na Mkwezi alipoipasua ilikuwa kavu, haina maji wala nyama. Bwana mpya akacheka. Mwaka huu akatoa amri, na akida wa boma akaisoma mbele ya watu wote: kuanzia sasa kati ya minazi ipandwe mihogo na kunde, ardhi nzuri isikae bure. Kila kaya ipewe kipande.

Watu walishangilia. Mimi nilimtafuta Mkwezi kwa macho. Alikuwa amekaa chini, ameinamisha kichwa kama mtu aliyesomewa hukumu.

Nilikutana naye mwezi uliopita. Nilikwenda kupalilia kipande tulichopewa. Kilikuwa kile kile cha chini, maana hakuna mwingine aliyekitaka, kilikuwa kimeharibiwa na maji. Kunde zilikuwa zimetambaa mpaka zimegusa mashina. Mkwezi alikuwa amekaa kwenye kisiki cha mti karibu na kijito, amekonda, anakohoa. Nilimpa shikamoo. Aliitika, akaniuliza kama bado najua kuandika.

"Polepole," nikasema.

"Vizuri. Mimi pia nasema polepole." Akatoa karatasi moja iliyokunjwa, aliyoiomba kwa karani. "Niandikie barua, binti."

"Kwa nani?"

"Bwana Kamba."

"Mzee, yuko Ulaya."

"Najua."

"Ulaya ni kubwa."

"Atajulikana. Ana kamba." Alijaribu kucheka, akakohoa. "Andika."

Nilikaa chini nikaweka karatasi juu ya jembe. Mwalimu alikuwa akisema herufi zangu hutembea kama mtu mwenye mwiba mguuni, na siku ile zilichechemea kuliko kawaida. Mkwezi alisema na kusubiri, alisema na kusubiri. Alimsalimu Bwana na watu wa nyumbani kwake. Alimwambia kwamba udongo wa kati ya minazi haukupaswa kufagiwa. Alimwambia habari za muhogo, choroko na nanasi, ni hatua ngapi ziachwe kutoka kwenye shina, kwamba majani ya kunde yakianguka huulisha mnazi, kwamba minazi ya Songea isingezaa sana kwa sababu ya baridi lakini watu wangekula. Alisema yote. Ilikuwa barua nzuri, ya mtu anayejua. Na kadiri ilivyokuwa nzuri ndivyo nilivyozidi kuwa na hasira, mpaka nikabonyeza kalamu na ncha ikatoboa karatasi.

"Basi," akasema. "Imekwisha. Tia salamu."

Sikutia salamu. Nilishika kalamu juu ya karatasi nikangoja. Sijui nilipata wapi ujasiri, au labda haukuwa ujasiri, nilikuwa tu siwezi kuandika.

"Haijaisha," nikasema.

Aliniangalia. Alijua. Kijito kilikuwa kinapita pale pale kilipokuwa kikipita siku ile. Alikitazama muda mrefu, midomo yake ikienda bila sauti, na mimi nikafikiri atasema nitakwambia kesho.

"Andika," akasema. "Yale hayakuwa magugu."

Nikaandika.

"Zilikuwa kunde."

Nikaandika na hilo. Alichukua karatasi, akaitazama kama mtu anayeweza kusoma, akanirudishia. "Kaa nayo wewe," alisema. "Mimi simjui mtu wa kumpelekea."

Nilikwenda nayo nyumbani. Mama alikuwa uani anapukuchua kunde kavu ndani ya ungo. Nilimsomea barua yote, polepole, mpaka maneno yale ya mwisho. Hakuinua kichwa. Alipasua ganda, akazitoa kunde kwa kidole gumba, akalitupa ganda, akachukua jingine.

"Kwa nini unanisomea mimi?" akasema. "Nilizipanda mwenyewe."